Mraba Mwekundu wa Novemba

Nyuma ya meza yangu ya kazi kuna kalenda niliyoichora mwenyewe. Ni karatasi ngumu yenye miraba kumi na miwili, na kila mraba nimeupaka rangi kwa kalamu nene. Januari na Februari ni kijani. Machi ni manjano. Aprili na Mei ni nyekundu, kwa sababu wakati wa masika barabara hukatika na wageni hulia. Kuanzia Juni kijani kinarudi, Oktoba ni manjano, kisha Novemba nyekundu tena kwa ajili ya vuli. Wateja huipiga picha kwa simu zao. Ofisi yetu ni ndogo, ghorofa ya tatu katikati ya jiji, na kazi yangu ni kuwaambia watu lini wasafiri na lini wasithubutu. Naifanya vizuri. Nikimwambia mteja aepuke wiki fulani, ataiepuka, na baadaye ataniletea chokoleti.

Naanza na kalenda hiyo kwa sababu ndiyo iliyomzuia mama yangu kurudi kwake. Nasema kalenda, lakini karatasi haina mdomo. Mwenye mdomo ni mimi.

Mama alikuja kwangu Kangemi, pembeni mwa Nairobi, mwezi wa saba, miguu imevimba, akihema kwa kupanda ngazi nne tu. Mimi ni mtoto wake wa pekee, kwa hiyo hapakuwa na mjadala atakaa wapi. Daktari alisema moyo wake umechoka, akampa vidonge vya rangi tatu na tarehe ya kliniki kila mwezi. Kufikia Septemba uvimbe ulikuwa umeshuka. Alianza kumenya viazi akiwa ameketi mlangoni na kugombana na jirani kuhusu kamba ya kuanikia nguo, nami nikajua amepata nafuu.

Alikuwa amekuja na begi moja na mkebe wa kakao. Ndani ya mkebe hakukuwa na kakao. Kulikuwa na mbegu, kunde na ndengu, zimechanganywa na majivu ili dumuzi wasiziguse. Kila asubuhi, nikiwa natafuta funguo huku nimechelewa, yeye aliuchukua mkebe, akauweka karibu na sikio na kuutikisa mara mbili. Mbegu kavu nzima ina mlio mkali, mwepesi. Iliyopata unyevu au kuliwa hujibu kwa mlio mzito. Akisharidhika aliurudisha chini ya kitanda.

"Mama, hiyo mbegu haitoroki," nilimwambia siku moja. Nina hasira za asubuhi, sijui nilizitoa wapi.

"Najua. Nataka tu nayo ijue sijatoroka."

Niseme jambo moja kuhusu kwetu, upande wa Kitui, ili inayofuata ieleweke. Kwetu masika hayaaminiki. Yanaweza kuja, yanaweza kupita juu ya vichwa vyetu yakaenda kunyeshea watu wengine. Mvua ya chakula ni ya vuli. Na mbegu haingoji hiyo mvua. Inaingia ardhini kabla, mwanzoni mwa Oktoba, wakati udongo bado ni vumbi na mtu wa kupita njia akikuona na jembe atadhani umechanganyikiwa. Mvua ikifika inakuta mbegu imeshalala mahali pake. Ukisubiri udongo ulowe ndipo upande, umechelewa, kwa sababu mvua yenyewe huondoka upesi na mmea wako utabaki na jua ukiwa ndio unatoa maua.

Nilipokuwa mdogo tulipanda mimi na yeye. Yeye alitangulia na jembe akifungua mashimo, mimi nikafuata na bakuli, nikidondosha kunde mbili hapa, ndengu tatu pale, kisha nikifukia kwa mguu na kukanyaga mara moja. Hakuwahi kugeuka nyuma kunitazama. Alisikiliza mguu wangu. Nikizubaa, nikimfuata kipepeo kwa macho, alisema vilevile akiendelea kulima, "Kuna shimo liko wazi." Na kweli, nikigeuka nalikuta.

Mwishoni mwa Septemba alinisubiri nimalize kula, akasema, "Mwanangu, mwezi wa kumi ukiingia unipeleke nyumbani."

"Mama, mwezi wa kumi mvua inakaribia."

"Ndiyo sababu."

Alidhani tumekubaliana. Ikabidi nimweleze kwa ile sauti yangu ya ofisini. Kati ya lami na kwetu kuna mto wa mchanga usio na daraja. Miezi mingi ya mwaka ni barabara nyeupe tu ya kupitisha mbuzi, lakini mvua ikinyesha milimani huteremka ghafla, na mto ukishashuka, wa ng'ambo hubaki ng'ambo. Nikamuuliza, ukizidiwa wakati mto umejaa, nani atakubeba? Kliniki utafikaje? Tutaenda Januari, nikasema. Barabara itakuwa kavu, nitachukua likizo, tutakaa wiki mbili nzima.

"Januari ni kijani," nikamwambia. Nilitamka hivyo hasa. Nikilikumbuka neno hilo nasikia aibu mpaka masikioni.

Mama alinitazama. "Januari nitapanda nini?"

Nilimuuliza daktari. Sikutaka kumuuliza, lakini Mama alinisukuma kwa kiwiko pale kliniki, kisha akatangulia kutoka kwenda kupanga foleni ya dawa. Daktari alisema anaweza kusafiri, mradi asikose vidonge vyake na asibebe mizigo mizito. Kwenye foleni Mama akaniuliza amesemaje. Nikajibu, "Amesema usibebe mizigo mizito." Sikumdanganya hata neno moja, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo.

Mwanzo wa Oktoba alifunga begi lake na kuliweka nyuma ya mlango. Chumba changu si kikubwa, na begi lilikuwa limejaa, kwa hiyo mlango haukuweza tena kufunguka wote. Kila jioni nikirudi nilisukuma, mlango ukagonga begi, nikaingia kwa ubavu. Mara mbili nilimwomba alisogeze. Mara mbili alisema, "Nitalisogeza," akaliacha palepale.

Jumapili moja baada ya kanisa alimpigia simu mdogo wake, mama yangu mdogo, ambaye shamba lake linapakana na letu. Mama hakuwahi kuamini kwamba simu inasikika bila kupaza sauti, kwa hiyo nilisikia yote. Kule walikuwa wameshaanza kupanda.

"Langu msiliguse," Mama akasema. "Nakuja."

"Unakuja lini, dada?"

Mama akanitazama. Mimi nilikuwa namimina chai. Niliendelea kumimina mpaka kikombe kikajaa, nikatia sukari, nikakoroga kwa muda mrefu.

"Siku hizi hizi," Mama akasema kwenye simu.

Ningeweza kuichukua simu pale pale. Ningesema, mama mdogo, pandeni tu, sisi hatuji mpaka Januari. Ilikuwa sentensi moja. Lakini kama ningeisema, Mama angejua kwamba nimeshaamua, nami nilitaka afike Januari akiwa bado anadhani tunajadiliana. Niliogopa uso wake. Ndivyo ilivyokuwa, sina maelezo mengine.

Wiki hiyo hiyo bosi wangu alinituma mtaa wa Karen kwa mteja, mama mtu mzima anayeishi katika nyumba kubwa yenye miti mirefu na mbwa wawili wavivu. Dada yake mkubwa alikuwa anakuja kutoka ng'ambo, naye alitaka kumpeleka magharibi mwa nchi, kijijini juu mlimani walikozikwa wazazi wao. Alitaka waende Novemba.

Nikatoa sauti ile ile. Novemba haifai, nikamwambia. Barabara ya mlimani ni ya udongo mwekundu, inateleza, na kwenye kalenda yetu mwezi huo ni mwekundu mtupu.

Akaweka kikombe chini. "My dear, dada yangu amepita miaka themanini. Unataka nimwambie angoje rangi?"

Nilicheka. Kisha nikafungua daftari, na mchana ule ule nikaipanga safari yote. Nikampata dereva ninayemwamini mwenye gari la juu. Nikatafuta njia ya pili, ndefu lakini ya changarawe, iwapo ya kwanza itaharibika. Nikapata nyumba ya wageni kabla ya mlima, wapumzike kama mvua itawakuta. Nikaongea na muuguzi wa zahanati ya karibu, nikamwandikia majina ya dawa za yule dada. Kufikia saa kumi alasiri kila kitu kilikuwa kimekaa sawa, na bosi wangu akaniambia kwa simu, "Wewe ni noma. Hiyo trip hakuna mtu mwingine angeipanga." Nilirudi Kangemi nimevimba kichwa.

Nikasukuma mlango, ukagonga begi, nikaingia kwa ubavu. Mama aliniuliza nilikuwa wapi, nami, kwa kuwa nilikuwa na furaha, nikamsimulia yote. Gari, njia ya pili, nyumba ya wageni, muuguzi. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Kwa hiyo gari lipo," akasema.

"Mama, wale wana pesa."

Hiyo ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu. Dereva yule ni rafiki yangu wa miaka mingi, angetupeleka kwa gharama ya mafuta tu. Mama hakulijua hilo. Alinyanyuka polepole, akanipakulia chakula.

Mvua ilianza Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa tisa mchana. Kwenye mabati yetu mvua ya kwanza haisikiki kama maji, inasikika kama mtu amemwaga kokoto. Mama alikuwa amelala kidogo. Aliamka, akakaa kitako kitandani, akasikiliza.

"Imefika," akasema.

Nikamwambia huenda kwetu bado haijafika, kwamba mvua ya Nairobi na mvua ya Kitui si moja. Nilikuwa namfundisha mvua, mimi, mama yangu. Kesho yake asubuhi nilikuwa natafuta funguo na nikahisi kuna kitu kimepungua chumbani, lakini sikujua ni nini mpaka nilipofika kazini. Hakuwa ameutikisa mkebe. Hakuutikisa siku iliyofuata wala nyingine yoyote. Hakunilaumu pia, na afadhali angenilaumu, kwa sababu mimi ukinigombeza najua la kufanya.

Alifariki katikati ya Novemba, asubuhi, nikiwa ofisini namshauri mteja kwenye simu asubiri mwaka mpya. Simu yangu nyingine ilikuwa inawaka na jina la jirani, yule wa kamba ya nguo. Niliiacha iite mara tatu kwanza. Nilipopiga, jirani alikuwa analia.

Nilipofika nilisukuma mlango kama kawaida, nikiwa nimeshageuka ubavu. Ukafunguka wote, ukagonga ukuta. Mama alikuwa amelala kitandani, na begi lilikuwa kando yake, karibu na mkono. Jirani alisema asubuhi ile Mama alimwita amsaidie kulisogeza. Alipoulizwa anakwenda wapi, alisema haendi popote, anataka tu mtoto aingie vizuri.

Safari niliyoikataa niliifanya ndani ya wiki moja, kwenye mraba mwekundu kuliko yote. Dereva yule yule alitutangulia na gari lake kutuonyesha njia, gari la maiti likafuata. Bosi wangu aliponipa ruhusa aligeuka kidogo akaitazama kalenda ukutani, kwa mazoea tu. Alijishtukia, akainamisha kichwa.

Tulifika mtoni saa sita mchana. Mto ulikuwa umeteremka jana yake, ukapita, ukabakiza maji ya rangi ya chai yanayokwenda taratibu. Wanaume kutoka ng'ambo walikuwa wanatungoja. Walikunja suruali, wakaliinua jeneza mabegani, wakavuka wakiimba wimbo wa kanisani. Mimi nilivuka nyuma yao nimeshika viatu. Maji niliyoyaogopa tangu Septemba yalinifika magotini.

Ng'ambo ya mto kila kitu kilikuwa kijani. Kunde zilikuwa zimefika kwenye vifundo vya miguu, ndengu zimesimama kwa mistari, na njia nzima watu waliacha kupalilia wakavua kofia. Kisha tukafika kwetu. Katikati ya kijani hicho kulikuwa na kipande kimoja chekundu, kitupu, kimepigwa na mvua mpaka kikawa laini, hakuna hata jani. Lilikuwa shamba la Mama. Kaburi lilikuwa limechimbwa pembeni yake, na udongo wa kaburi na udongo wa shamba ulikuwa wa rangi moja, hivi kwamba kwa mbali sikuweza kuona kaburi linaanzia wapi.

Baada ya mazishi nilimuuliza mama mdogo kwa nini hawakupanda. Nilimuuliza kwa ukali, kana kwamba kosa ni lake. Hakukasirika. Aliniambia kama mtu anavyomwambia mgeni.

"Alisema anakuja. Shimo la kwanza hufunguliwa na mwenye shamba. Ukimpandia mtu aliyesema anakuja, umemwambia asije."

"Mngepiga simu mkauliza."

"Tulipiga, mwanangu. Kila Jumapili. Alisema unatafuta gari."

Nikatoa mkebe kwenye begi. Nikasema nitapanda kesho asubuhi, shamba zima, peke yangu kama ni lazima. Mama mdogo aliuchukua, akauweka kwenye sikio lake, akautikisa mara mbili, akanirudishia. Mbegu ni nzima, alisema, lakini mwaka huu umeshapita. Ukiitia sasa jua litaikuta kwenye maua. Nikarudi na mkebe Nairobi.

Mwaka uliofuata niliishi na Mama, sijui niseme vipi vingine. Si kwamba nilimwona. Lakini asubuhi, nikiwa natafuta funguo, niliusikia mkebe. Mara mbili, mlio mkali, mwepesi, kisha kimya. Niliinama chini ya kitanda na kuukuta mahali pake, na majivu kidogo sakafuni ambayo sikumbuki kuyaona jana yake. Labda ni panya. Nilinunua sumu ya panya, sikuitega. Jioni niliufungua mlango nusu tu na kuingia kwa ubavu, ingawa nyuma yake hapakuwa na kitu. Jirani aliniona nikifanya hivyo, akajifanya anatazama nguo zake. Kazini, kila nilipomwambia mtu asubiri, nilinyamaza katikati ya sentensi nikisikiliza, mpaka wateja wakaanza kuuliza kama simu imekatika.

Septemba ilipokuwa inaisha niliandika barua ya likizo. Bosi wangu aliisoma akiwa amesimama.

"Sasa wewe, mwezi wa kumi? Si ni wewe huambia watu wasisafiri saa hii?"

"Nimewaambia watu mengi," nikasema.

Alitia sahihi.

Nilivuka mto juu ya mchanga mkavu uliokuwa unachoma miguu. Kwetu kulikuwa na vumbi tupu, kila kitu rangi moja na barabara. Mama mdogo alikuwa kwenye shamba lake, nusu ameshapanda. Alikuja mpaka mpakani akasimama, hakuvuka.

"Fungua la kwanza wewe," akasema. "Sasa ni lako." Akarudi kwenye mistari yake.

Niliweka mkebe na bakuli mwanzo wa shamba, upande wa kaburi. Nikauinua mkebe na kuutikisa mara mbili. Mbegu zilijibu vizuri. Kisha nikachukua jembe la Mama, ambalo mpini wake umelika pale mikono yake iliposhika, nikafungua shimo la kwanza, na la pili, na nikaendelea. Vumbi liliruka kila nilipopiga. Sikugeuka, kwa sababu yeye hakuwahi kugeuka. Nilisikiliza. Na nyuma yangu, hatua mbili au tatu hivi, nilisikia mguu ukifukia na kukanyaga mara moja, ukifukia na kukanyaga mara moja, bila kuzubaa hata kidogo. Sikuogopa. Nilikuwa na furaha, nililima nikitokwa na machozi na jasho mpaka mwisho wa mstari, mpaka kwenye ua wa miiba ambapo haiwezekani kuendelea.

Hapo ndipo nilipogeuka. Mashimo yote yalikuwa wazi. Mstari mzima, tangu kaburini mpaka miguuni pangu, na bakuli langu liko kule mwanzo nilipoliacha.

Nikarudi kulichukua.